Mdomo wa chupa: barua kwa Saumu

Barabara ya 12, Ngamiani
Tanga
Jumapili, baada ya Isha

Shoga yangu Saumu,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, wanangu wazima. Kwa mama yako nilipita Ijumaa, nikamkuta barazani anachambua mchele. Mguu umepungua kuvimba na anakusalimu sana. Anaomba picha mpya za mjukuu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Umenitafutia bei za chupa Kariakoo nzima, umezunguka juani kwa ajili yangu, Mungu akulipe. Lakini pale mwisho uliposema, "Mwanaidi, chupa ni chupa, watu wananunua pilipili," nilinyamaza. Sikuweza kukujibu kwenye simu. Ndiyo maana nimekaa kuandika kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa bweni Korogwe, maana nina jambo refu, na nataka ulisome ukiwa umetulia.

Kwanza yaliyonikuta. Mwezi uliopita hoteli moja hapa mjini ilichukua chupa 24 za pilipili yangu ya ukwaju. Siku ya tisa nikaitwa nikazichukue. Pilipili wameipenda, walisema wenyewe. Tatizo ni kwamba kila mteja akishamimina, tone moja linabaki mdomoni mwa chupa, linateremka shingoni, linapita juu ya lebo na kuishia mezani. Vitambaa vyao vyeupe vikajaa duara za rangi ya kahawia. Lebo zangu, zile nilizozilipia kwa pesa ya upatu, zililowa zikachanika. Na ukwaju unavyojua ukikauka: chupa 11 vifuniko vilikuwa vimeganda, havifunguki mpaka uviloweke maji ya moto. Nikazifunga kwenye kikapu cha baiskeli, nikarudi nazo nyumbani, nikazipanga sakafuni nikabaki naziangalia. Nilikuwa nimepika vizuri, Saumu. Nimeangushwa na tone.

Wiki ile ile kijana wa jirani anayefanya kazi jikoni kule Raskazone aliniletea chupa tupu ya sosi ya soya, ya Kijapani. "Mama, mimina maji uone." Ni kichupa cha kioo cheupe, tako pana, shingo nyembamba inayopanda kama tone lililosimama, kofia nyekundu yenye vidomo viwili, kimoja huku na kimoja kule. Nikajaza maji, nikamimina, nikasimamisha, nikapitisha kidole chini ya mdomo. Pakavu. Nikajaza ukwaju nilioulainisha kidogo. Pakavu. Nilirudia mpaka mwanangu Zuhura akaniuliza kama niko sawa.

Ndipo yeye akaingia kwenye simu kutafuta aliyeitengeneza, akampata. Anaitwa Kenji Ekuan. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma huyu mzee usiku baada ya kupika, na ndiye nitakayekueleza, kwa sababu yeye ndiye jibu langu kwako.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1929. Baba yake alikuwa kasisi wa Kibudha, na kwa kazi hiyo familia ikaishi Hawaii mtoto akiwa mdogo, kisha wakarudi Japani na kukaa Hiroshima. Nimetaja Hiroshima, nadhani umeshajua ninakoelekea, ila nisubiri. Nataka kuanza na mama yake.

Nyumbani kwao, kama nyumba nyingi za Japani enzi zile, sosi ya soya ilinunuliwa kwenye chupa kubwa ya lita 1.8. Chupa hiyo ikijaa ni nzito, na haiwekwi mezani. Kwa hiyo mama akawa anainyanyua na kumimina kwenye kichupa kidogo cha mezani, na mtoto anamtazama anavyohangaika na uzito ule juu ya tundu dogo. Miaka mingi baadaye, mtoto akiwa mtu mzima mwenye ofisi na wasaidizi, akapewa kazi ya kubuni chupa ya sosi, na alichokikumbuka ni mikono ya mama.

Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Saumu, unamkumbuka bibi yangu na dumu la mafuta ya nazi? Alivyolikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, mimi nimeshika faneli, wewe umeshika chupa ya soda, na bibi anasema "Bismillahi" kabla hajainamisha? Tone likianguka sakafuni alilifuta kwa kidole na kujipaka kiwikoni, lisipotee. Miaka yote ile tulishika faneli. Haikutupitia akilini kwamba tabu ile ilikuwa ya chupa, si ya bibi. Sisi tuliona mikono yake ndiyo imechoka.

Sasa Hiroshima. Agosti 1945 Ekuan alikuwa kijana wa miaka 15, mwanafunzi wa chuo cha wanamaji, hakuwa mjini bomu lilipoanguka. Alirudi nyumbani kwa treni akauona mji ulivyobaki. Dada yake alikufa. Baba yake alikufa baadaye, kwa ugonjwa wa mionzi. Mzee huyu alipokuja kusimulia habari hizo, hakusimulia hasira. Alisema kwamba mbele ya utupu ule alishikwa na hamu kubwa ya kitu chochote cha kukigusa na kukitazama, na hapo hapo akaamua kuwa mtengeneza vitu. Alisimulia pia kuhusu baiskeli na mabehewa ya tramu yaliyoungua, kwamba kwake ilikuwa kana kwamba vile vyuma vinamlilia, vinasema vilitamani kuendelea kutumika.

Mimi nimekua kwenye mji wa baiskeli, na baiskeli iliyotupwa huwa siwezi kuipita bila kuigeukia. Sikuwa na maneno ya hali hiyo mpaka niliposoma hayo.

Alianza masomo ya kidini ashike nafasi ya baba. Hakukaa. Akaenda chuo cha sanaa cha taifa Tokyo, na mwaka 1952, bado mwanafunzi, yeye na wenzake wakaunda kikundi walichokiita GK, yaani Kundi la Koike, kwa heshima ya mwalimu wao Koike. Hebu fikiria: nchi imeshindwa vita, miji imeungua, na vijana wachache wanakaa chini ya mwalimu wao kujadili umbo la redio. Walikuwa na msemo wao kwamba wanataka kuleta demokrasia kwenye vitu na kwenye uzuri. Maana yake ninavyoielewa mimi ni kwamba kitu kizuri kisiwe cha tajiri peke yake, kiwe hata cha mama anayenunua chumvi ya kupima.

Halafu kuna hili litakalokugusa wewe. Yamaha wakati ule walijulikana kwa piano na vinanda. Walipoamua kuingia kwenye pikipiki, waliowachorea ile ya kwanza walikuwa vijana hao wa GK. Ilitoka 1955, ya sisi 125, inaitwa YA-1. Pikipiki nyingi za siku zile zilikuwa nyeusi. Wao wakaipa rangi nyekundu iliyoelekea kahawia, na Wajapani wakaibandika jina la Kereng'ende Mwekundu. Mwaka huo huo ikashinda mbio za kupanda mlima Fuji katika daraja lake. Ofisi ile ikaendelea kuchorea Yamaha kwa miongo. Nikamkumbuka marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alivyokuwa akitoka Muheza kwenye ziara zake za bwana shamba, matope mpaka magotini, lakini kabla hajaingia ndani anaifuta kwanza tangi Yamaha ya serikali kwa kipande cha kanga. Mama yako alimwambia anaipenda kuliko watu. Labda mchoraji aliyekuwa mbali sana alikusudia hasa hivyo, mtu aipende.

Narudi kwenye chupa, maana ndiyo kesi yetu.

Kiwanda kilikuwa Kikkoman, watengeneza sosi wa mji wa Noda. Chupa ilitoka 1961. Kazi ilichukua miaka mitatu, na walitengeneza vielelezo zaidi ya 100 kabla ya kupata ule mmoja. Soma tena hapo, Saumu: miaka mitatu kwa kichupa ambacho hakijazi nusu ya chupa ya soda. Na sehemu kubwa ya tabu ilikuwa ni pale pale penye tabu yangu, mdomoni.

Nitakueleza siri yake kama nilivyoielewa kwa kuigeuzageuza. Kaangalie birika lako. Mdomo wa birika, upande wa chini ndio umetokeza mbele. Ukiacha kumimina, tone la mwisho linang'ang'ania ule ulimi, halina pa kwenda ila kuteremka kwa nje, ndiyo maana kila sinia la chai lina madoa. Ekuan akaugeuza mshazari: upande wa juu ukatokeza, wa chini akaukata kurudi ndani. Tone linakosa pa kushika, linakatika, linarudi chupani. Basi, hakuna spiringi wala mpira, ni pembe ya mkato tu. Lile tundu la pili kule nyuma ni la hewa. Sosi ikitoka huku, hewa inaingia kule, kwa hiyo haitoki kwa kukwama na kuruka kama yetu inavyowarukia watu kwenye kanzu. Na ukiziba tundu la nyuma kwa kidole, mmiminiko unapungua, ukiachia, unaongezeka. Mtoto anajifunza kwa mara moja bila kuelekezwa.

Mengine nimeyaona kidogo kidogo. Kioo ni cheupe ili uone kilichobaki kabla hakijakuishia katikati ya wageni. Tako ni pana, kichupa hakianguki ovyo mtoto akiigonga meza. Shingo inakaa yenyewe kati ya vidole. Mzee alipoulizwa juu ya umbo lile alisema ni umbo la upole, na kwamba kabla ya vita watu wake walikuwa na historia ndefu ya upole. Neno hilo limenikaa. Fikiria mtu aliyeona aliyoyaona, halafu miaka mitatu anatafuta upole kwenye shingo ya chupa.

Zaidi ya chupa milioni 300 zimeshauzwa, na umbo ni lile lile la 1961. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York wameiweka pamoja na michoro na sanamu za watu wakubwa. Lakini mimi nimeiona kwenye ndoo ya taka ya hoteli, na nadhani hapo ndipo inapostahili sifa zaidi, kwa sababu imefanya kazi mpaka tone la mwisho na mpishi bado akaona uchungu kuitupa.

Alifanya mengine mengi, sitayamaliza. Treni ya mwendo kasi ya Komachi, ile ya kwanza iliyoanza kutoka Tokyo kwenda Akita mwaka 1997, nayo ilikuwa ya mkono wao. Amewahi kuongoza chama cha dunia cha wabunifu wa bidhaa. Mwaka 2014 Wataliano walimpa tuzo yao kubwa ya ubunifu kwa kazi ya maisha yake yote, na Februari 2015 akafariki Tokyo akiwa na miaka 85. Zuhura anapenda treni. Mimi ningeyaacha yote hayo nikabaki na kofia nyekundu.

Usidhani nimelewa sifa za Wajapani. Hapa kwetu yuko aliyebuni mbuzi ya kukunia nazi, na hatumjui jina. Mtu huyo alitazama mwanamke anavyokaa na mikono miwili inavyoshika kifuu, akaona kwamba uzito wa mwili ndio utakaoshikilia ubao, akatia ulimi wa chuma mbele na akafanya ubao ukunjike ili ukae nyuma ya mlango. Akili ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwenzetu Ekuan alikuta kiwanda cha kumpa miaka mitatu, na wa kwetu alikuwa na panga na kipande cha mti.

Mimi sina kiwanda. Chupa ya kioo kwangu ni ghali, na kwa barabara za huko ninakopeleka, mzigo ungefika nusu. Kwa hiyo sikutumii barua hii nikuombe chupa ya Kijapani. Nilichokichukua kwake ni kutazama mikono.

Nimekaa soko la Mgandini asubuhi mbili, pale kwa muuza mihogo anayetumia pilipili yangu, nikaagiza chai na kutazama. Mkono wa kushoto umeshika sahani, wa kulia una chumvi na mafuta ya mihogo, na ndio huo unaoshika chupa. Chupa yangu inateleza begani, mtu anaibana, inatoka nyingi kuliko alivyotaka. Bibi mmoja vidole vinatetemeka, alishindwa kufungua kifuniko, akamwomba mtoto wa watu. Wanaume wawili waliitikisa chupa na kuinua juani kuona kama imebaki, kwa sababu lebo yangu inazunguka mwili mzima na haionyeshi kitu. Miaka minne nauza pilipili, Saumu, na sikuwahi kukaa kumtazama mtu akiimimina. Nilikuwa natazama sufuria.

Lebo nimeshaibadilisha. Nimeikata ikawa nusu, upande mmoja uko wazi, na wino umepungua, kwa hiyo ni nafuu pia. Kwa tundu la hewa nilijaribu kutoboa kifuniko kwa sindano ya moto upande wa pili wa mdomo. Mmiminiko ulitulia, ile ya kuruka ikaisha kabisa. Nilipiga makofi peke yangu jikoni saa tano usiku. Tone la mwisho ndilo bado. Kifuniko cha plastiki nimekikata mshazari kwa wembe mara saba. Cha tano kilikaribia, ila wembe unaacha ukingo wenye nyuzi na tone linashika kwenye nyuzi. Inahitaji kitu kilichomwagwa kwenye kalibu, kikatoka laini.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Zile chupa za bei ya chini ulizonionyesha, usizinunue. Kama umeshaacha kishika uchumba, niambie kiasi gani, nitakurudishia. Shingo za chupa zangu ni za milimita 28, kipimo hicho hicho cha chupa nyingi za maji. Nitafutie vifuniko vya kumiminia vinavyofunga hapo, aina yoyote utakayoiona, hata iwe ya shampuu au ya mafuta ya kupikia, kimoja kimoja tu cha mfano. Chukua na chupa moja ya maji mkononi. Kila kifuniko kifunge, mimina mara kumi, simamisha, kisha pitisha kidole kikavu chini ya mdomo. Kidole kikilowa, mrudishie mwenye duka na umshukuru. Kikitoka kikavu mara zote kumi, nunua hicho na uniulizie bei ya 500. Na kama fundi wa kalibu yuko huko Kariakoo au Gerezani anayekubali kazi ndogo, mwulize bei ya kalibu ya kifuniko kimoja, nami nitaanza kuweka kando tangu upatu wa mwezi ujao. Hata kama ni mwaka, sina haraka tena.

Jumanne asubuhi nitakupelekea mzigo kwa basi: chupa mbili za pilipili, embe kavu za mtoto, na kile kichupa cha kioo nilichokieleza. Nimekifunga kwa kanga kuukuu. Kanga ibaki kwako, chupa uishike mwenyewe, umimine, ndipo uniambie tena lile neno lako. Ukishamaliza nirudishie, maana Zuhura amekizoea mezani.

Mpe mumeo salamu, na mtoto mbusu.

Wako,
Mwanaidi